Tajinisi: Uhakiki wa Mstari Mmoja wa Sheria

Mhakiki wa fasihi hupewa diwani, riwaya au tamthilia, hapewi sheria. Safari hii nimejipa mwenyewe, tena si sheria nzima bali mstari mmoja tu, ulioko katika Jedwali la Pili la Sheria ya Uraia wa Tanzania ya mwaka 1995. Mstari huo unamtaka mgeni anayeomba uraia awe na ujuzi wa kutosha wa Kiswahili au wa Kiingereza. Haukuzidi hapo. Hauna tamathali wala vina, na aliyeuandika aliuandika kwa Kiingereza, kwa hivyo hata maneno haya niliyoyatumia ni tafsiri yangu. Lakini ziko diwani nene zisizokuwa na mstari wenye nguvu kama huu, kwa sababu huu ukishatekelezwa mtu huvua nchi moja akavaa nyengine.

Mwenye kuona kwamba nimeruka uzio na amkumbuke Sheikh Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji. Mwaka 1954 alitutolea Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, kitabu ambacho vizazi vya watunzi wetu wamekisoma kama wasomavyo hukumu. Na mwaka 1963 akawa Waziri wa Sheria wa Tanganyika. Mtu mmoja alishika sheria za aina mbili, na nadhani kazi ya kulipima neno kabla ya kuliweka mahali pake ilikuwa kwake kazi moja. Angeliusoma mstari huu asingeliacha kuuliza habari ya neno “au”.

Uraia anaopewa mgeni huitwa, kwa lugha ya maafisini, uraia wa tajinisi. Neno hilo limetufikia kutoka Kiarabu, na waliosoma balagha wanalijua kwa kazi yake nyengine: ni ile fani, ambayo wengine huiita jinasi, ya kukutanisha maneno yanayofanana kwa sauti na yanayohitilafiana kwa maana. Mwambao wetu umeipenda fani hiyo kupita kiasi. Kaa la jikoni, kaa wa mikokoni, na “kaa” ile ya kumwambia mgeni aliyesimama mlangoni. Mtunzi wa Mombasa au wa Pemba akiyapata matatu hayo halali mpaka ubeti utimie. Aliyelichagua neno la tajinisi kwa ajili ya sheria hakukusudia mzaha, walakini amesema kweli kuliko alivyokusudia. Raia wa kuzaliwa na raia wa tajinisi hutamkwa namna moja, na hati zao za kusafiria zina rangi moja. Bado msikilizaji hutega sikio kuitafuta tofauti. Aghalabu huitafuta katika lugha.

Ninaye rafiki, fundi wa mitambo ya barafu, aliyekuja Unguja kutoka Kerala kwa mkataba wa miaka miwili na sasa ametimiza ishirini na mbili. Kiswahili hakukisoma darasani. Amekiokota kwa wavuvi na wachuuzi wa Malindi yetu ya Unguja, saa kumi za alfajiri, mikono imo ndani ya mtambo na masikio yako nje. Anamjua changu na anamjua tasi, na anajua kwa nini aliyeagizwa nguru akaleta kikande hastahiki bei ile ile. Anajua bamvua na maji mafu. Akikasirika ngeli humpotea, na “samaki kile” imemponyoka mbele yangu si mara moja. Lakini pia nimemsikia akilijibu fumbo la mchuuzi kwa fumbo la kwake, na mchuuzi akanyamaza akawa anacheka peke yake.

Mwaka juzi aliamua kuomba uraia. Jambo hili kwake si jepesi. Tanzania haimruhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili, na India nayo hairuhusu, kwa hivyo anayeingia huku ametoka kule moja kwa moja. Sharti la ukaazi alikuwa nalo na ziada: sheria inataka miezi 12 mfululizo kabla ya ombi, na kabla ya hiyo jumla ya miaka isiyopungua 7 katika 10. Kilichomtia hofu ni lugha. Alinijia nyumbani jioni tano au sita, tukasoma magazeti, tukazinyoosha ngeli, nikamwandikia maneno ya serikali ambayo Malindi hayatamkwi: mamlaka, wajibu, kiapo, utii. Siku ya mahojiano alivaa shati jeupe.

Aliporudi alinihadithia kwamba afisa alikuwa mtu wa adabu sana. Alimkaribisha kiti, akamuuliza kwa Kiingereza. Fundi akajibu kwa Kiswahili. Afisa akatabasamu, akakisifu Kiswahili chake kwa Kiingereza, kisha akaendelea kwa Kiingereza mpaka mwisho. “Maalim,” akanambia, “sikuulizwa neno.”

Hakuna aliyekosea hapo. Sheria imesema “au”, na afisa alimchagulia mgeni upande alioudhania kuwa mwepesi kwake. Lakini mimi niliusoma upya mstari ule usiku ule, na tangu hapo umekuwa ukinisumbua.

“Au” katika Kiswahili huweka vitu viwili kwenye sinia moja. Chai au kahawa; leo au kesho. Anayeambiwa “au” haulizwi anapenda kipi zaidi, wala hatozwi faini kwa alichokiacha. Basi kwa mujibu wa mstari huu, mtaalamu aliyeletwa na mkataba anaweza kukaa miaka yake minane akitoka nyumbani kwenda afisini na kurudi, dereva wake akijibu kwa Kiingereza cha kuombea kazi, mpishi wake kadhalika, na mwisho akala kiapo cha utii bila ya kujua aitikie vipi akipigiwa hodi. Mtu huyo sheria imemwona ametosha. Na ametosha kweli, kwa kipimo kilichowekwa. Nchi hii mwaka 2021 ilibadilisha sheria ili Kiswahili kiwe ndiyo lugha ya sheria zetu na ya mahakama zetu, na mwaka huo huo UNESCO ikaitangaza tarehe 7 Julai kuwa siku ya Kiswahili duniani. Kila tarehe hiyo tunavaa kanga na kusoma mashairi. Mlango wa uraia umebaki na “au” yake.

Tusije tukadhani kwamba kila “au” ni moja. Jirani zetu wa Kenya katika katiba yao ya zamani walikuwa na mstari usiokuwa na “au” hata kidogo: muombaji alitakiwa awe na ujuzi wa kutosha wa lugha ya Kiswahili, basi. Sheria yao ya uraia ya mwaka 2011 imeleta “au”, lakini upande wa pili wa sinia wameweka lugha za wenyeji. Nao Waingereza, katika sheria yao ya uraia ya mwaka 1981, wameandika “au” inayonivutia kuliko zote: muombaji awe na ujuzi wa Kiingereza, au Kiwelisi, au Kigaeli cha Uskoti. Lugha mbili zile za mwisho zilikuwa zikizama. Wakazifungulia mlango wa mbele, pamoja na mkubwa wao, kwa heshima zote. “Au” yao imefunguliwa kwa ajili ya ngalawa. Yetu imefunguliwa kwa ajili ya meli kubwa kuliko zote bandarini, ambayo haikuwa na haja ya kufunguliwa na mtu.

Binamu yangu mmoja yuko Uingereza tangu mwaka 2006. Alimfuata mumewe, na tangu afike anafanya kazi ya kuwahudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee. Sekondari alisoma hapa Unguja, na masomo yake yote isipokuwa Kiswahili, dini na Kiarabu yalisomeshwa kwa Kiingereza, kama ilivyo desturi yetu. Mchana kutwa anawasemesha Waingereza, anawalisha Waingereza, na wengine amewafumba macho kwa mkono wake. Alipoomba uraia aliambiwa alete ushahidi kwamba anajua Kiingereza. Tangu Oktoba 2013 kipimo kilichowekwa ni ngazi ya B1, na Tanzania haimo katika orodha ya nchi ambazo watu wake husadikiwa bila ya mtihani. Akenda akafanya mtihani wa kusema na kusikiliza, wa dakika kumi, ambao mtahiniwa huruhusiwa kuja na mada yake mwenyewe. Akachagua Mwaka Kogwa. Kwa hivyo mwanamke wa Makunduchi amekuwa Mwingereza kwa kueleza namna watu wanavyopigana kwa migomba na namna kibanda kinavyotiwa moto. Sikupata kusikia jambo zuri kama hilo, na mwenyewe akinihadithia hucheka mpaka machozi yakamtoka.

Lakini tuyaweke mawili haya pamoja. Kiingereza cha mgeni kinatosha kumfanya Mtanzania hapa. Kiingereza cha Mtanzania, kile kile tulichokiacha Kiswahili mlangoni mwa sekondari ili tukipate, kule hakitoshi mpaka kiletewe cheti. Tumekopesha heshima isiyorudi.

Hiyo B1 nayo ni matini, na inafaa ipate sehemu yake ya uhakiki. Inatokana na mizani ya ngazi sita, kuanzia A1 mpaka C2, iliyochapishwa na Baraza la Ulaya mwaka 2001, na imejengwa karibu yote kwa kitenzi kimoja: anaweza. Anaweza kufahamu yanayosemwa kuhusu kazi na skuli, anaweza kuhadithia tukio, anaweza kutoa sababu kwa ufupi. Ni maandishi safi, na kwa mwalimu yana manufaa. Ila yote yanamtazama mtu mmoja. Aliyekaa mbele yake, anayemsikia au asiyemsikia, hana kitenzi. Katika mizani hii fundi wangu wa barafu angeliweza kupimwa kila kiungo, na afisa wake asingelionekana popote. Ule mtihani mwengine wa Waingereza, wa maswali 24 kwa dakika 45, ambao mtu hufaulu kwa majibu 18, sitauzungumzia. Majibu yake yamo kitabuni, na anayejua kuhifadhi hahitaji kujua zaidi.

Aliyekiona kiti hicho cha pili ni Abdulrazak Gurnah. Katika riwaya yake By the Sea ya mwaka 2001, Saleh Omar, mzee wa kisiwani kwetu aliyekuwa mfanyabiashara wa samani, anashuka katika uwanja wa ndege wa Gatwick na hati ya mtu mwengine. Ameshauriwa ajifanye hajui Kiingereza. Anakijua, tena vizuri. Amekisoma maisha yake yote. Mbele yake amekaa afisa anayeitwa Kevin Edelman, ambaye mwenyewe ni mtoto wa wakimbizi kutoka Romania, na afisa huyo anasema peke yake, anashauri, anatoa nasaha zisizoombwa, anamwambia mzee kwamba umri wake si wa kuhama, na huku anakifungua kijaluba cha udi akakinusa na mwisho akakichukua. Mzee anafahamu kila neno. Sisi wasomaji tunajua kwamba anafahamu. Na kwa kuwa tunajua, maneno yote ya afisa yanageuka: badala ya afisa kumpima mgeni, mgeni ndiye anayempima afisa, na afisa anaanguka mtihani bila ya kujua kwamba aliufanya.

Wahakiki wengi wameusoma ukimya huo kama woga au ujanja wa mkimbizi. Mimi nauona ni uhakiki wa mfumo mzima. Saleh Omar ametambua kwamba mbele ya meza ile ujuzi wa lugha hautamsaidia kusikilizwa. Pengine kutojua ndiko kutakomfaa. Baadaye, anapomfunulia mwanasheria wake kwamba Kiingereza anakijua, yule mama anaudhika, maana amekwisha kuhangaika kumtafutia mkalimani. Wote wawili wamekosana kwa lugha moja wanayoijua sawasawa. Fundi wangu ni Saleh Omar aliyepinduliwa: yule alikuwa na lugha ya wenyeji akaificha, huyu alikuwa na lugha ya wenyeji akaitoa na isipokelewe. Gurnah alipopata Tuzo ya Nobel mwaka 2021 tulibishana hapa kama ni wetu au wa wenzetu, kwa kuwa ameandika kwa Kiingereza. Ubishi ule nao ulikuwa mtihani wa lugha, na sisi ndio tuliokaa kwenye kiti cha afisa.

Nimefika mahali ambapo msomaji mzalendo anatarajia niseme: basi “au” ifutwe, Kiswahili kiwe lazima, asiyekijua arudi kwao. Nitasema nusu ya hayo, lakini kwanza ipo historia moja ambayo anayetamani mitihani ya lugha lazima aipitie.

Mwaka 1897 koloni la Natal, kusini mwa bara letu, lilitunga sheria ya kuzuia wahamiaji. Watawala wake walitaka kuwazuia Wahindi, lakini serikali ya London haikupenda rangi itajwe waziwazi. Basi rangi haikutajwa. Kilichotajwa ni lugha: anayeingia aandike ombi lake kwa lugha ya Ulaya. Mwana wa Gujarati aliyekuwa na hisabati za maduka matatu kichwani na Kiarabu cha Msahafu ulimini akahesabika hajui kusoma. Australia wakaichukua hila ile mwaka 1901 na wakaitia makali. Afisa alikuwa akisoma maneno 50 kwa lugha ya Ulaya aliyoichagua yeye, na mgeni aandike. Baada ya mwaka 1909 hakuna aliyefaulu, na imla ile haikufutwa mpaka mwaka 1958. Maarufu wao ni Egon Erwin Kisch, mwandishi wa Prague, aliyeletewa imla mwaka 1934. Alikuwa anajua lugha nyingi za Ulaya, kwa hivyo wakamsomea Kigaeli cha Uskoti. Akashindwa, kama ilivyokusudiwa. Mahakama Kuu ya kule ilimnusuru kwa kuamua kwamba Kigaeli hakikuwa lugha ya Ulaya kwa maana ya sheria ile, na Waskoti hawakufurahi.

Kwa hivyo lugha hiyo hiyo ambayo sheria ya mwaka 1981 imeifungulia mlango, ilikwisha kutumika kuufungia. Lugha ni ile ile, isipokuwa aliyeishika ndiye aliyebadilika.

Na sisi wa mwambao tusijitoe katika kesi hii. Ilipotoka Kichomi ya Euphrase Kezilahabi mwaka 1974, wapo wenzetu waliosema yaliyomo si mashairi, kwani hayana vina wala mizani, na maneno mengine makali zaidi yalisemwa kuhusu watu wa bara na Kiswahili chao. Kezilahabi alikuwa mtu wa kisiwani, wa Ukerewe; tatizo ni kwamba kisiwa chake kilikuwa katika maji yasiyo ya chumvi. Tulimnyima uraia wa ushairi kwa mtihani tulioutunga sisi, tukausahihisha sisi. Yeye akaenda kufundisha kwa miaka mingi Chuo Kikuu cha Botswana, mgeni mwenye mkataba kama fundi wangu, na mashairi yake yakaendelea kusomwa. Leo wanafunzi wanayahifadhi. Nasema haya nikiwa mtu anayependa vina na mizani, na asiyeandika bila ya hivyo.

Walakini katika hazina yetu umo mtihani bora kuliko huo, nao ni majibizano. Mombasa na Lamu zilipokuwa zikipigana, mwanzoni mwa karne ya 19, Muyaka bin Haji na wenziwe wa upande wa pili walirushiana tungo kuvuka bahari. Aliyekuwa akipima ni yule aliyetupiwa, na kipimo chake kilikuwa jibu. Utungo uliojibiwa, hata kwa matusi, ulikuwa umefika; ule uliopuuzwa ulikuwa haukufika. Kosa la ngeli halikumtoa mtu uwanjani, na wala kutokuwa na kosa hakukumwingiza. Mtindo huu umeishi mpaka katika kurasa za mashairi za magazeti yetu, ambamo mtu wa Tanga humjibu mtu wa Mwanza asiyemjua sura, na kwa kumjibu tu amekwisha kumkubali.

Tukiusoma mstari wa mwaka 1995 kwa kipimo hiki tunaona kilichopungua. Umetaja ujuzi, ukataja kutosha, lakini haukumtaja wa kumtosha. Tena sheria hiyo hiyo, mahali pengine, haimlazimishi Waziri kutoa sababu ya kukubali au kukataa ombi. Mgeni hutupa utungo wake baharini; akijibiwa hajui kilichomfaa, akikataliwa hajui kilichomponza. Hayo si majibizano.

Yako pia yale ambayo lugha haiwezi kuyafanya, hata ikijulikana mpaka mifupani. Wapemba waliokwenda dago pwani ya Kenya, wakavua Shimoni, Vanga na Mayungu, wakajenga, wakazaa, walikuwa wakiota ndoto zao kwa Kiswahili. Hakuna mtahini angeliwaangusha. Walikaa miongo bila ya kitambulisho, na asiye na kitambulisho hapati leseni ya kuvulia samaki ambao babu yake alikuwa akivua, wala haandikishi laini ya simu kwa jina lake. Kenya iliwatambua mwaka 2023, kama ilivyokwisha kuwatambua Wamakonde mwaka 2016. Ujuzi wao wa Kiswahili haukuzidi siku ile. Kilichozidi ni kwamba kuna aliyewasikia, baada ya wao na waliowatetea kusema kwa muda mrefu mno. Sharti la lugha katika Kenya walikuwa nalo tangu kuzaliwa, na halikuwafaa kitu mpaka karatasi ilipotiwa saini.

Basi nusu yangu ni hii. “Au Kiingereza” iondoke. Aliyekaa miaka minane kwa hiari yake, ana mshahara wake na wakati wake, hakudhulumiwa akiulizwa Kiswahili. Aliyedhulumiwa ni yule aliyejifunza na asiulizwe. Wala hatuwezi kusema hakuna pa kujifunzia. Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni ilianza hapa Unguja mwaka 1978, na wageni wengi wamepita humo. Lakini mtihani uwe wa kusema na kusikiliza tu, pasiwe na karatasi ya ngeli; wawepo wasikilizaji wawili, mmoja wao asiwe mtu wa afisi; na anayekataliwa aandikiwe sababu, kwa Kiswahili, ili apate cha kujibu. Wazee wasamehewe, kama Waingereza wanavyomsamehe aliyefika miaka 65. Na pasiwepo na mtu aliyezaliwa humu, au aliyekimbilia humu akiwa hana pengine pa kwenda, atakayefungiwa mlango kwa sababu ya lugha peke yake. Haya mimi si wa kuyatunga yakawa sheria. Nimehakiki mstari, na mstari wenye kasoro huonyeshwa ungelikaa vipi.

Najua kuna wenzangu watakaosema nimekuwa mkali kwa afisa, ambaye alifanya adabu tu. Sikuwa mkali kwake. Adabu ile ninayo hata mimi. Akija Mzungu barazani nami hujikuta namsemesha kwa lugha yake kabla hajafungua kinywa, na wengine nimewanyima hivyo hivyo walichokuja kukitafuta.

Jibu la ombi la fundi halijatoka. Wiki iliyopita nilimfuata Malindi alfajiri, kwani aliniahidi nguru. Mtambo ulikuwa umeharibika tena, na mnada umepamba moto. Dalali amesimama juu ya meza ya saruji anataja bei, wachuuzi wanamzomea. Fundi akatoka nyuma ya mtambo, mafuta mpaka viwikoni, akataka kujua kama barafu ya jana itawafikisha saa nne. Aliuliza kwa makosa mawili, nikayahesabu kwa mazoea mabaya ya ualimu. Dalali hakuyasikia. Alisita kutaja bei, akamwambia barafu haitafika hata saa tatu, akamlaumu kwa kuchelewa, akamuulizia mwanawe aliyekuwa na homa, kisha akasukuma tenga tupu kwa mguu na kumwambia: “Kaa basi, chai inakuja.”

Akakaa.